Muulize Mwalimu: Tuanze na lango au tuanze na choo?

Miezi miwili iliyopita safu hii iliwaomba wasomaji walio karibu na shule ndogo za msingi zinazomilikiwa na makanisa, wawe walimu, wazazi au wazee wa usharika, waandike kuhusu majengo na huduma za shule hizo. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Nimechagua tano, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu maswali yaliyomo yanajirudia katika barua nyingine zaidi ya nusu.

Mwalimu, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi ya usharika wa Kilutheri katika Wilaya ya Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Tuna wanafunzi 168 kuanzia darasa la awali hadi la saba, wasichana 90 na wavulana 78, pamoja na walimu na watumishi 12. Majengo ni mawili, kila moja lina vyumba vinne na limeezekwa kwa bati. Vyoo vya wanafunzi vina matundu 6, matatu ya wasichana na matatu ya wavulana. Maji tunayateka kwenye kisima cha jirani, na meno ya watoto wengi ni ya kahawia. Jikoni tunatumia kuni. Kwa harambee na mnada wa mazao baada ya ibada, usharika umepata shilingi milioni 18. Baraza la wazee linapendekeza tujenge lango la kisasa lenye jina la shule, kisha tununue kompyuta 10, kwa kuwa shule nyingine ya jirani inatuchukulia watoto. Mimi naona tuanze na choo na maji. Nisaidie hoja za kuwapelekea wazee bila kuonekana mbishi.
*Mwalimu Mkuu, Arumeru*

Marahaba, Mwalimu Mkuu. Kwanza niwatetee wazee wako, maana nimekaa vikao vingi na watu wa rika lao. Baadhi yao wana umri wa kukumbuka jinsi shule za misheni zilivyochukuliwa na Serikali baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na jinsi makanisa yalivyongoja hadi miaka ya 1990 ndipo sheria ikawafungulia tena wamiliki binafsi mlango wa kuendesha shule za msingi. Kwao lango lenye jina la usharika ni ushahidi kwamba shule imerudi nyumbani, na ukienda kuwaambia kuwa lango ni ufahari mtupu utawaumiza bure. Waalike waje siku ya masomo, kengele ya mapumziko ya asubuhi inapogongwa, wasimame mahali wanapoviona vyoo na kuhesabu wenyewe ni watoto wangapi ambao bado wako kwenye foleni wakati wenzao wanarudi darasani. Baada ya hapo kikao kitakuwa chepesi.

Kiwango kinachotakiwa Tanzania ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Wasichana wenu 90 wanahitaji matundu 5 na wavulana 78 wanahitaji 4, kwa hiyo mmepungukiwa na matundu matatu, bila kuhesabu chumba cha mtoto mwenye ulemavu ambacho lazima kiwe na mlango mpana, njia isiyo na ngazi na chuma cha kushikilia ukutani. Upungufu huo mnaweza kuumaliza ndani ya likizo moja ya Juni. Hii ndiyo faida ya udogo ambayo watu wa shule ndogo huisahau wanapojipima kwa shule yenye wanafunzi elfu moja, ambako kujenga matundu matano mapya hakubadilishi chochote ambacho mtoto anaweza kukiona.

Mkichimba choo cha shimo, hakikisheni kina bomba la hewa linalopanda nusu mita hivi juu ya paa, lenye wavu mdomoni, na chumba chenyewe kiwe na giza kiasi, kwa sababu nzi aliyemo shimoni hufuata mwanga wa juu ya bomba na kunasia kwenye wavu. Shimo liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, tena upande wa chini wa mteremko. Tundu la watoto wa awali liwe dogo kuliko la wakubwa. Nimewahi kuwakuta watoto wa miaka mitano wakijisaidia nyuma ya choo kipya kilichogharimu fedha nyingi, na walimu wakiwachapa kwa uchafu huo, kumbe tundu lilikuwa pana na watoto waliogopa kutumbukia. Fundi hakuuliza watakaokitumia ni akina nani, wala hakuna aliyemwambia. Mlangoni, kabla hamjapata fedha za karo ya kunawia, tundikeni vibuyu chirizi, kwa kuwa dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyagia na kipande cha sabuni vinapatikana hata leo jioni, na wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuvitengeneza wakiwa na mwalimu wao wa sayansi.

Sasa maji, ambayo ndiyo sehemu ya barua yako iliyonifanya niisome mara mbili. Rangi ya kahawia katika meno ya watoto wa eneo lenu hutokana na floraidi ambayo maji huipata yanapopita katika miamba ya volkano ya Mlima Meru, na wenyeji wa Maji ya Chai na Ngare Nanyuki wameishi na tatizo hilo vizazi kwa vizazi. Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa vyanzo vingine havikuwapo, kabla ya kukishusha kiwango hicho. Pelekeni sampuli ya maji ya kisima hicho katika maabara ya maji ya Serikali mpate hesabu iliyoandikwa, kwa sababu wazee wanaobishana na maneno hawabishani na karatasi ya maabara.

Wazazi wengi hudhani kwamba kuchemsha kunayaondoa madini haya. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi hubaki, tena huzidi ukali kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Jambo jingine linalofaa kujulikana na kila mzazi ni kwamba gamba la nje la meno ya ukubwani huendelea kujengwa ndani ya ufizi mpaka mtoto afikie miaka 8 hivi, na doa likishaingia haliondoki kwa kubadilisha maji. Kwa hiyo watoto wa darasa la awali, la kwanza na la pili ndio wa kupewa maji mazuri kwanza, hata kama yatakayopatikana mwanzoni yatawatosha wao peke yao.

Maji yasiyo na floraidi mnayo juu ya mapaa yenu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Tuseme paa moja la vyumba vinne lina mita za mraba 300, na mwaka ni mkavu kiasi kwamba mvua yote ni milimita 600 tu. Ukiondoa moja ya tano kwa yale yanayomwagika na kukauka, bado mtakinga lita 144,000. Mahitaji ya kunywa na kupikia, kwa lita 2 kwa kila mtu, ni lita 360 kwa siku kwa watu 180, na kwa siku 194 za masomo hayafiki lita 70,000 kwa mwaka. Paa moja linawatosha mara mbili, na mnachokosa ni chombo cha kuyahifadhi. Kipindi kirefu cha ukavu kwenu ni kati ya masika na vuli. Shule ikifunguliwa Julai, mtakuwa na siku za masomo zipatazo 72 kabla ya mvua za mwishoni mwa Oktoba, yaani mtahitaji lita 26,000 hivi. Simtanki tatu za lita 10,000 kila moja, zikiwa zimejaa mwezi Juni, zitawavusha, mradi koki zifungwe kwa kufuli ili maji ya kunywa yasigeuzwe kuwa ya kufulia.

Fundi aweke gata zenye mteremko wa kutosha, chujio kabla ya tangi, na kipande cha bomba cha kumwaga maji ya kwanza ya kila mvua, kwa sababu hayo ndiyo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati. Maji ya tangi bado yatiwe dawa ya klorini au yachemshwe kabla ya kunywewa. Kisima cha jirani kibaki kwa kudekia, kunawia na vyooni.

Kuna jambo moja dogo la jikoni linaloweza kuharibu kazi hii yote. Mwambieni mpishi aache kutia magadi kwenye makande na maharage. Magadi ya kaskazini hubeba floraidi nyingi, na si busara kukinga maji ya mvua mwaka mzima kisha kuirudisha floraidi kwa konzi moja sufuriani. Maharage yalowekwe usiku kucha, nayo yataiva. Kuhusu kuni, Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, nanyi mko 180. Tengeni sehemu ya fedha kwa ajili ya jiko la gesi au nishati nyingine safi, kwani jambo hili mtaulizwa na mthibiti ubora wa shule, na mapafu ya mama anayewapikia hayastahili kungoja mpaka mulizwe.

Bei sitazitaja, kwa kuwa saruji ya Usa River haiuzwi sawa na ya kijiji kilicho juu mlimani. Mwite fundi pamoja na mhandisi wa halmashauri wakufanyie makadirio ya choo, matangi na jiko kwa karatasi moja. Fedha zikibaki, zinunue kompyuta mbili za walimu kabla ya kufikiria kumi za wanafunzi. Lango nalo lisifutwe. Pandeni uzio wa miti hai msimu huu wa mvua, na fundi seremala wa usharika achonge kibao kizuri cha mbao chenye jina la shule, ili wazee wapate kitu cha kuonyesha wakati chuma kinasubiri. Na kuhusu watoto wanaohamia kwa jirani, nakupa jambo nililoliona kwa macho yangu katika shule nyingi: mama anayekuja kuitazama shule kabla ya kumwandikisha mwanawe, mara nyingi huomba kuonyeshwa msalani kabla ya kuomba fomu.

Mwalimu, Bwana asifiwe. Mimi ni bibi wa miaka 74, ninamlea mjukuu wangu wa darasa la sita anayesoma katika shule ya kanisa hapa Korogwe. Kila mwezi hukataa kwenda shule siku tatu au nne. Nilimwona mvivu nikamgombeza, hata shangazi yake alipokuja likizo ndipo nikajua kwamba mtoto ameshavunja ungo na kwamba choo cha shule hakina mlango unaofungika wala maji. Nilipozungumza na mwalimu aliniambia mambo hayo ni ya nyumbani. Je, ni ya nyumbani kweli?
*Bibi, Korogwe*

Shikamoo, Bibi. Mambo hayo ni ya nyumbani na ni ya shule pia, kwa sababu mtoto hukaa shuleni saa nyingi za mchana, na mwili wake hausubiri arudi kwako. Zamani msichana alipewa somo, yaani mwanamke mzima wa kumfundisha na kumsitiri, na nyumba nzima ilijua la kufanya bila tangazo. Shule ikimpokea mtoto huyo kuanzia asubuhi hadi jioni, imepokea pia wajibu wa kumsitiri kwa saa hizo.

Kinachotakiwa hakihitaji fedha nyingi. Chumba kimoja miongoni mwa vyoo vya wasichana kifanywe kipana kidogo, kiwe na mlango wenye komeo kwa ndani, ndoo ya maji na sabuni humo humo ili msichana asilazimike kutoka nje kunawa mbele ya wenzake, msumari au kulabu ya kutundikia nguo, kioo cha kujitazama nyuma, na chombo chenye mfuniko cha kuwekea taulo zilizotumika. Karibu na hapo kiwepo kitanuri cha kuchomea taka hizo, na kazi ya kuzichoma apewe mtu mzima mwanamke, isiwe zamu ya wanafunzi. Ofisini iwekwe akiba ya taulo za kike na sketi moja au mbili za kubadilisha, chini ya mwalimu wa kike ambaye wasichana wote wanamjua kwa jina na wanaweza kumwendea bila kueleza mengi. Kama shule haina mwalimu wa kike, Umoja wa Wanawake wa kanisa hilo hauwezi kukosa mama mmoja wa kujitolea.

Nakushauri usirudi kwa mwalimu peke yako. Nenda na akina mama wawili au watatu wenye mabinti wa darasa la tano hadi la saba, mwende kwa Mwalimu Mkuu na kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na muombe jambo moja linaloweza kufanyika wiki hiyo hiyo, yaani komeo la mlango. Fundi atalifunga kwa dakika chache, na mkishalipata mtakuwa na nguvu ya kuomba yanayofuata. Kwa heshima yote, Bibi, naomba nikutume na jambo moja la nyumbani: mwambie mjukuu wako kwamba ulimgombeza bila kujua. Mtoto wa umri huo akisikia neno hilo kutoka kwa bibi yake, mwezi ujao atakueleza mwenyewe.

Mwalimu, salaam katika jina la Bwana. Kanisa letu lina shule ya msingi Kiteto, na watoto wengi ni wa familia za wafugaji. Wapo wanaotembea kilomita tisa kuja shuleni, wakiwamo wa darasa la kwanza. Tuna ghala la zamani la mahindi lenye kuta imara, mlango mmoja mkubwa na madirisha madogo yenye nondo. Tunataka kuligeuza kuwa bweni la watoto wadogo. Tufuate taratibu zipi?
*Mzee wa kanisa, Kiteto*

Mzee wangu, shikamoo. Huruma yenu kwa watoto hao naielewa, kwani kilomita tisa kwa miguu ya mtoto wa miaka sita ni safari ya kumfikisha darasani akiwa amekwisha. Hata hivyo ni lazima nikujibu kwa uwazi kwamba ghala hilo lisilaze mtoto hata usiku mmoja likiwa katika hali uliyoieleza, na kwamba watoto mnaowakusudia hawaruhusiwi bwenini. Serikali ilielekeza kwamba kuanzia Machi 2023 shule zisitoe huduma ya bweni kwa watoto wa darasa la awali hadi la nne, kwa sababu mtoto wa umri huo anahitaji malezi ya wazazi wake. Kama mna mtoto mwenye hali ya pekee sana, mpelekeni Afisa Elimu shauri lake kwa maandishi, wala msiamue wenyewe.

Mlango mmoja na madirisha yenye nondo ndivyo vinavyoua usiku wa moto. Septemba 2020 watoto 10 walikufa bweni la shule ya msingi lilipoungua wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, na Septemba 2024 wavulana 21 walikufa katika bweni la shule ya msingi huko Nyeri, Kenya. Ndugu zetu Wakenya wana mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 ambao ninawashauri hata wamiliki wa upande huu wausome, kwa kuwa umeandikwa kwa vipimo ambavyo fundi anaweza kuvifuata: nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, njia ya katikati isipungue mita 2, milango ifunguke kwa nje na isifungwe kufuli watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na nondo na yafunguke kwa nje. Mkiamua siku moja kujenga bweni la darasa la tano hadi la saba, jengeni jipya kwa vipimo hivyo, lenye milango miwili inayotazamana, mlezi anayelala chumba cha ubavuni, na mazoezi ya kutoka usiku angalau mara moja kila muhula. Pasiwe na mshumaa wala koroboi bwenini kwa sababu yoyote ile. Taa ndogo za sola zinapatikana hata minadani.

Kwa watoto wadogo iko njia nyingine ambayo nadhani kanisa linaiweza kuliko taasisi nyingi. Kama kwenye vitongoji walikotoka watoto hao mna mitaa ya kanisa yenye kijengo cha ibada, zungumzeni na halmashauri juu ya kuanzisha shule shikizi hapo, ambayo itawafundisha watoto wa awali hadi darasa la pili au la tatu karibu na kwao, chini ya shule mama iliyoko kijijini. Mtahitaji chumba chenye sakafu na mwanga, matundu mawili ya choo kwa kuanzia, maji, na mwalimu aliye tayari kukaa huko, na hili la mwalimu ndilo gumu, kwa hiyo mjengeeni nyumba kabla ya kupaka rangi ukuta wa darasa. Mtoto akifika miaka tisa au kumi akiwa tayari anajua kusoma, kilomita tisa hazitakuwa fupi, lakini miguu yake itakuwa mirefu zaidi, na watakuwa kundi. Ghala nalo libaki ghala. Chakula cha mchana cha shule kinahitaji mahali pakavu.

Mwalimu, mimi nafundisha darasa la kwanza mkoani Njombe. Darasa langu ndilo chumba kikubwa kuliko vyote, na kanisa letu changa linasali humo kila Jumapili. Jumatatu nakuta chati zimechanwa, madawati yamerundikwa nje yamelowa, na saa ya kwanza inapotea. Tena madawati yenyewe ni ya watu wazima, miguu ya watoto inaning'inia.
*Mwalimu, Njombe*

Mwalimu mwenzangu, hili lisikugombanishe na mchungaji, kwa kuwa waumini wenyewe ndio waliokijenga chumba hicho. Omba mambo mawili. Kwanza, wazee wachague watu wanne ambao Jumapili jioni, kabla hawajaondoka, watakirudisha chumba kama kilivyokuwa, na wewe uwachoree mpangilio wa madawati kwenye karatasi na kuubandika nyuma ya mlango. Pili, chati zako zitundike juu ya kamba inayoweza kushushwa na kukunjwa Ijumaa mchana, badala ya kuzigandisha ukutani.

Kuhusu madawati, mtoto anapokaa sawasawa nyayo zake zote mbili hugusa sakafu na kiwiko chake hufika usawa wa meza bila kupandisha bega. Mtoto anayening'inia huchoka mgongo, hulala juu ya daftari, na mwandiko wake huharibika huku sisi tukimlaumu kwa uzembe. Msimnunulie kila mtoto dawati jipya. Seremala akate miguu ya madawati ya darasa la kwanza na la pili kwa kipimo cha watoto wenyewe, na awapime watoto kwanza, mmoja mfupi, mmoja wa wastani na mmoja mrefu. Waumini wakilalamika Jumapili kwamba viti vimekuwa vifupi, walete vyao.

Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni Mwislamu wa Muheza, watoto wangu wawili wanasoma shule ndogo ya Kianglikana kwa sababu iko karibu na walimu wake ni waaminifu. Jumatano asubuhi kuna ibada, na watoto wa Kiislamu wapatao 13 husimama nje chini ya mwembe mpaka iishe. Hakuna anayewalazimisha kuingia, nashukuru, lakini mvua ikinyesha hulowa, na jua likiwa kali hukaa tu bila kazi. Shuleni kuna chumba cha maktaba kilichofungwa kwa kufuli, chenye maboksi ya vitabu vya Kiingereza kutoka Ulaya. Je, ni utovu wa adabu kuomba watoto wetu wakae humo?
*Baba wa watoto wawili, Muheza*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Si utovu wa adabu hata kidogo, na barua yako imeniletea dawa ya maradhi mawili kwa pamoja. Uhuru wa kuabudu umewekwa na ibara ya 19 ya Katiba yetu ya mwaka 1977, na shule hiyo imeuheshimu kwa kutowalazimisha watoto. Kilichobaki ni kuwapa mahali pa kukaa, maana mtoto aliyeachwa nje kila wiki hujifunza kwamba shule ni ya wenzake, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo. Nenda kwa Mwalimu Mkuu kama ulivyokuja kwangu, kwa shukrani kwanza, kisha umwombe afungue maktaba kila Jumatano asubuhi na awape watoto hao mwalimu mmoja wa kukaa nao. Ukiweza, jitolee wewe au mama yao kukaa nao kwa zamu.

Kuhusu vitabu vyenyewe, Muheza ndiko iliko Magila, mojawapo ya vituo vya mwanzo vya wamisionari wa Kianglikana katika nchi yetu, na wamisionari hao hao walikuwa na mtambo wa kuchapa vitabu vya Kiswahili kule Unguja tangu karne ya 19. Shule iliyotoka katika mizizi hiyo haifai kuwa na maktaba ambayo mtoto wa darasa la tatu hawezi kusoma kitabu hata kimoja kilichomo. Walioleta maboksi walikuwa na moyo mwema. Uongozi uyafungue, uchague vichache vyenye picha nzuri na vile vya darasa la sita na la saba, na vingine uvigawe kwa sekondari. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili vya watoto vipo, na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 ulisaidia kuchapishwa kwa vingi ambavyo bado vinapatikana kwa wachapishaji na wauza vitabu wa Dar es Salaam. Hata vitabu 40 vinatosha kuanzia, iwapo watoto wataruhusiwa kuvishika.

Rafu zisizidi kimo cha mtoto wa darasa la kwanza anaponyoosha mkono, vitabu vilazwe jalada likionekana, mkeka safi utandikwe karibu na dirisha, na daftari la kuazimia liandikwe na wanafunzi wenyewe wa darasa la saba. Vitabu vitachakaa, kurasa zitachanika, na baada ya mwaka mmoja vichache vitakuwa vimepotea. Mwambie Mwalimu Mkuu kwamba mkaguzi aliyekuwa akiona maktaba ya namna hiyo alifurahi kuliko alipokuta vitabu vipya ndani ya maboksi. Watoto wa Kikristo wakitoka ibadani watataka kuingia humo pia, na wakiingia, chumba hicho kitahitaji mkeka wa pili.